Boma Tulilolibomoa Wenyewe

Msumari uliozeeka ndani ya mbao hautoki kimya. Ukiushika kwa makucha ya nyundo na kuuvuta, hulia kama mtoto wa paka aliyekanyagwa mkia, kisha hutema vumbi jekundu la kutu. Wiki mbili zilizopita, hapa Embu ninapoishi na kufundisha, jirani yangu alianza kubomoa jiko lake la nje ili ajenge la mawe. Mimi nilikuwa mezani nikisahihisha madaftari. Msumari wa kwanza ukalia. Wa pili ukalia. Wa tatu ulipolia nilisimama nikafunga dirisha kwa kishindo, na mume wangu akaniuliza nimemkasirikia nani.

"Anko Mugambi," nikasema.

Akacheka. Anko Mugambi yuko Nkubu, ni mzee wa kutembelea mkongojo, na sijamtia machoni miaka mingi. Mume wangu alidhani natania. Sikuwa natania. Kuna hasira nyingine hazizeeki, na hii yangu ina afya kuliko mimi. Acheni niwasimulie ilikotoka, kwa maana nimechoka kuilea peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa Baba alipofariki. Tulikuwa tukiishi Timau, kwenye baridi ile ya kukausha midomo, katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa shamba la ngano. Baba alikuwa dereva wa trekta, na chumba kilikuwa cha kazi yake. Kazi ilipokwisha na chumba kikaisha. Kwao Baba hakukuwa na ardhi ya kumgawia mtu, kwa hiyo Mama alifunga vyombo vyetu ndani ya shuka mbili, tukarudi kwao alikozaliwa, nje kidogo ya Nkubu. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Aliyebaki pale ni kaka yake mkubwa, Anko Mugambi, na shamba lote lilikuwa lake: kahawa, migomba, makadamia, kila kitu hadi kwenye mteremko wa mto. Mama hakuachiwa hata pa kuzikia paka. Alikuwa msichana, na wasichana ilichukuliwa kwamba wangepata ardhi mbele ya safari, huko kwa waume.

Anko alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na koti la kahawia alilolivaa jua liwe kali au mvua inyeshe, na alipozungumza alifumba macho kidogo, kana kwamba maneno yake yalikuwa matamu hata kwake. Jumapili ya kwanza baada ya sisi kufika aliwaalika watu chai, akiwemo mhubiri mgeni kutoka Machakos. Kwa sababu ya mgeni huyo alisema kwa Kiswahili, ili neno lisipotee.

"Dada yangu hawezi kulala nje mimi nikiwa hai. Nimempa ile pembe ya chini. Ajisaidie."

Watu walipiga makofi. Mama aliinama akashukuru. Tulipoteremka kuiona pembe hiyo nikaelewa kwamba Anko alikuwa amechagua neno lake vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi hapo ndipo watu wa boma lile walipokuwa wakijisaidia. Palikuwa na shimo kubwa palipochimbwa mawe ya kujengea nyumba yake. Ndani ya shimo walitupa kila walichokichoka: chupa zilizovunjika, viatu visivyo na soli, betri, nepi, mifupa. Juu ya yote thabai, majani yale yanayowasha, zilikuwa zimeota zikatufikia kifuani, zikingoja tu mtu mwenye miguu mitupu. Nilianza kulia. Mama aliniangalia, akaangalia shimo, akasema kwa Kimeru maneno ambayo baadaye niliyasikia mpaka yakanichosha:

"Usinionyeshe palipooza, Kendi. Nionyeshe palipobaki."

Palipobaki palikuwa padogo. Kwa wiki kadhaa tulilala katika stoo ya kahawa ya Anko, ndani ya harufu ya magunia na panya, na mchana tuliokota vioo. Mama alijifunga mipira ya baiskeli viganjani, lakini vioo vilimpata tu. Nakumbuka jioni akikamua mikono yake ndani ya maji ya chumvi, uso umetulia kabisa, kama mtu anayefua.

Wakati huohuo shule yetu ya msingi ilikuwa imepata madarasa mapya ya mawe. Yale ya zamani, ya mbao na mabati, yalikuwa yameangushwa yakaachwa lundo kando ya uwanja. Watoto walikuwa wakikanyaga misumari. Mama alimwendea mwalimu mkuu akampa shauri: yeye atasafisha pale pote, atachomoa kila msumari na kufagia, na badala ya malipo achukue ambacho hakuna anayekitaka. Mwalimu mkuu alikubali kabla Mama hajamaliza sentensi.

Hivyo ndivyo nilivyoitumia likizo ya Agosti. Mama alichomoa, mimi nikanyoosha. Nilikaa juu ya jiwe na nyundo ndogo, nikigonga kila msumari uliopinda mpaka uwe sawa, nikiutia ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo. Vidole vyangu vilivimba kama ndizi mbivu. Msumari uliokatika hatukuutupa. Mama aliutia kopo lingine, akisema hata huo utapata kazi yake.

Kwa mbao za Darasa la Nne tulijenga chumba cha kulala. Kwa mabati ya ofisi ya walimu tuliezeka. Bati lililokuwa na matundu mengi Mama alilikata akalikunja, likawa mfereji wa kuteremshia maji ya mvua ndani ya pipa lililokuwa la lami. Matairi ya lori yaliyotupwa na fundi wa sokoni yakawa vitalu vya sukuma wiki. Na ubao wa kuandikia, ule mkubwa mweusi wenye jedwali la kuzidisha lililopakwa rangi nyeupe pembeni, ukawa mlango wa nyumba ya kuku.

Mlango huo ulinitesa. Binti yake Anko, Kinya, tuliyekuwa naye darasa moja, alipeleka habari shuleni, na shule ikafunguliwa watoto wakiniuliza kuku wetu wamefika jedwali la ngapi. Mvulana mmoja aliniomba nimletee rejista. Hata mwalimu wa hesabu, aliyekuwa mtu wa kutabasamu mara moja kwa muhula, aliniambia nikisahau jedwali la saba nimuulize jogoo. Nilimwambia Mama aupake ule ubao matope. Akakataa. Alisema kuku wanapenda kusoma.

Kuku wenyewe walikuja wakiwa mabaki kama sisi. Mwanamke mmoja wa kikundi cha kina mama cha kanisani, Mama Nkatha, aliyekuwa na mkokoteni wa punda na sauti ya kuwatoa watu mashambani, alimpa Mama kuku watano wa mayai waliochoka, shingo tupu, wamenyonyoka kama watu waliotoka hospitalini. Sungura wawili tulipewa na mwalimu aliyekuwa akihama. Na mbuzi alikuja ndani ya gunia, mtoto wa siku mbili aliyekataliwa na mama yake, kichwa kikining'inia. Mama alinikabidhi.

"Huyu ni wako. Akifa, tumejaribu."

Hakufa. Nilimnywesha maziwa kwa chupa ya soda iliyofungwa chuchu ya mpira, nikamlaza kifuani ndani ya sweta yangu ya shule, nami nikanuka mbuzi muhula mzima. Alipopata nguvu alijua kwamba dunia imeumbwa kwa ajili yake. Aliingia popote, katikati ya maombi au mazungumzo, akasimama akiwatazama watu mpaka wanyamaze. Tulimwita Chealedi, kama mwenyekiti wa kikundi cha kina mama.

Lakini kitu ambacho Mama alikijenga kwa uchungu zaidi hakikuwa na msumari hata mmoja. Kilikuwa udongo. Shimo lile lilikuwa mawe matupu chini, na yeye alilijaza tabaka kwa tabaka: samadi ya Chealedi, mavi ya kuku na sungura, migomba iliyokatwakatwa, majivu, majani makavu, na maganda ya kahawa tuliyoyabeba kichwani kutoka kiwandani, yakitutiririshia maji machachu shingoni. Tulipindua, tukafunika, tukangoja mvua mbili. Mwaka wa pili ulikuwa ukiingiza mkono mpaka kiwiko, ukatoka na udongo mweusi, mwepesi, wenye joto, unaonukia kama mvua ya kwanza. Nduma ziliota pale zikawa na majani ya kumfunika mtoto. Vitunguu, terere, managu, karoti. Watu walikuwa wakisimama njiani kuangalia. Nilianza kuacha kuona haya. Nilianza, kwa kweli, kujivuna.

Na Anko alianza kuleta wageni.

Siku ya kwanza alikuja na afisa wa kilimo na wazee wawili. Mimi nilikuwa nimemshika Chealedi kamba. Anko alisimama katikati ya vitalu, mikono mfukoni mwa koti, akasema, "Hapa ndipo ninapofanyia majaribio yangu. Nilimwambia dada yangu, tumia taka. Taka ni mali." Afisa akaandika. Mama akatoka na mayai ya kuwapa wageni.

Walipokwenda nilimgeukia Mama. "Mama, amedanganya! Hajawahi kubeba hata karai moja!"

"Mwache aseme," Mama akajibu. "Akisema, kuku wanapungua?"

Hakuna jibu lililowahi kuniudhi kama hilo. Nilitaka apige kelele, avunje kitu. Aliingia ndani akaanza kuchambua maharagwe.

Tulikaa pale miaka mitatu na zaidi kidogo. Kisha Kimathi, mwanawe Anko, alimaliza chuo akatangaza kwamba anataka kuoa na kujenga. Shamba lilikuwa kubwa. Kulikuwa na sehemu tambarare juu karibu na makadamia, na nyingine kando ya kahawa. Kimathi alizunguka shamba lote Ijumaa nzima na mchumba wake, na mchumba akaipenda pembe yetu. Alipenda udongo. Haya niliambiwa na Kinya baadaye. Siku ile tuliwaona tu wakipita, mchumba akichuma jani la nduma na kujipepea nalo.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Anko akateremka na Kimathi na wazee wawili wa kanisa. Mimi nilikuwa natoka kwenye nyumba ya kuku na yai viza ambalo kuku alikuwa ameliacha, naenda kulitupa. Mama alifuta mikono akawakaribisha viti. Anko hakukaa.

"Kwanza tuombe," akasema.

Tukainamisha vichwa. Aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa uhai, kwa familia yenye umoja. Alimshukuru kwa kijana wake anayeanza maisha. Halafu akasema, kwa sauti ileile tamu: "Na tunakushukuru, Baba, kwa ajili ya dada yangu, ambaye umemgusa moyo wake, akakubali kumwachia kijana wangu Kimathi mahali hapa, ili yeye mwenyewe akatafute pake kwingine."

Nilifumbua macho. Mama alikuwa amefumba yake, lakini nikaona mfupa wa taya ukipanda na kushuka. Hakuwa amekubali chochote. Hakuwa ameulizwa. Tulikuwa tunafukuzwa kwa njia ya maombi, ili tukibisha tuwe tumembishia Mungu.

Sikupanga. Mkono wangu ndio uliopanga. Yai lilimpata Anko chini ya sikio, likapasuka kwa mlio wa kizibo, na uozo ule wa kijani ukateremka polepole ndani ya kola ya koti la kahawia. Mzee mmoja, ambaye macho yake yalikuwa bado yamefungwa, akadhani maombi yamefika mwisho. Akasema, "Amina."

Leo naweza kucheka hapo. Siku ile sikucheka, kwa sababu kabla harufu haijasambaa Mama alikuwa amenifikia. Alinipiga kofi lililonizungusha, akanishika bega, akanisukuma chini. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa kumenyesha. Magoti yangu yalizama ndani ya tope mbele ya viatu vya Anko.

"Omba msamaha."

Nilimtazama nikidhani sijasikia vizuri.

"Omba msamaha, Kendi."

"Nisamehe, Anko," nikasema.

"Sijasikia," akasema Anko.

Nikarudia. Akasema bado hajasikia. Nikarudia tena, na mara hii nilipaza sauti mpaka Chealedi akaitikia kutoka bandani. Nilimwangalia Mama nikimngoja aseme imetosha. Hakusema. Anko alivua koti akalitupa mapajani mwangu, na Mama akaniambia nilifue. Nililifua kando ya pipa letu, kwa maji yetu na sabuni yetu, nikilia kwa hasira mpaka nikashindwa kuona doa, huku Anko amekaa na shati kwenye kiti chetu akinywa chai ya maziwa ya mbuzi wangu.

Alipomaliza kikombe akasema, "Basi, Jumatatu asubuhi nataka pawe peupe. Lakini vitu vya hapa muache. Hii mabati Kimathi atatumia kwa stoo. Na hiyo pipa."

Mama alizungumza kwa adabu kubwa, akiangalia chini. "Baba Kimathi, shamba ni lako, sijakataa. Lakini mabati ni ya shule. Mwalimu mkuu alinipa mimi, na wazee hawa wanajua. Ukitaka tutamwita."

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa, akasema ni kweli, anajua. Anko aliangalia kola ya koti lake iliyolowa, akaniangalia mimi niliyekuwa bado na tope magotini, na nadhani akaona ameshinda vya kutosha kwa siku moja.

"Toeni basi. Jumatatu pawe peupe."

"Patakuwa peupe," akasema Mama.

Mara walipoondoka alichukua nyundo. Hakuniangalia, hakunieleza, hakunigusa shavu lililokuwa likiwaka. Alianza na nyumba ya kuku. Mama Nkatha alikuja na punda wake na wanawake watatu wa kikundi. Alikuwa na mahali pa kutuweka kwa muda, ng'ambo ya soko, kwenye kipande cha shemeji yake. Siku nzima misumari ililia. Ilikuwa ni ileile niliyoinyoosha kwa vidole vyangu, na sasa ilikuwa inarudi ndani ya kopo mmoja mmoja. Mkokoteni ulipanda kupitia katikati ya boma la Anko, ukatoka kwenye geti lake, ukarudi, ukatoka tena. Hapakuwa na njia nyingine. Chini yetu kulikuwa na mteremko wa mto ambao hata mbuzi aliuogopa. Kufikia Jumapili saa sita, Anko na watu wake wakiwa kanisani, hakukuwa na ubao wala bati, na Chealedi alikuwa ameondoka juu ya mkokoteni akiwa amesimama, kama mtu anayepelekwa kuapishwa.

Nilidhani tumemaliza. Mama akachukua jembe na rundo la magunia.

"Mama Kendi," akasema Mama Nkatha, "na hii pia?"

"Hii ndiyo hasa."

Tukaanza kujaza udongo. Wanawake wale, wenye nguo za Jumapili zilizokunjwa kiunoni, walichota udongo ule kama watu wanaoteka maji kwenye kisima kinachokauka. Saa tisa hivi Kimathi alirudi, akasimama kwenye geti, akauliza kuna nini ndani ya magunia.

"Mavi ya mbuzi," akajibu Mama Nkatha, na lilikuwa jibu la kweli kwa sehemu kubwa.

Kimathi alishika pua akatupisha. Alitupisha mara kumi na kitu. Jua lilipokuwa linashuka jembe la Mama liligonga jiwe, likagonga tena, na tukaona sakafu ya lile shimo la zamani, mawe meupe matupu, safi kama mifupa iliyolambwa. Mama alisimama ukingoni, jasho likimdondoka kidevuni.

"Pawe peupe," akasema polepole. Hayo tu.

Kinya aliniambia shuleni kwamba Jumatatu baba yake aliteremka na mchumba wa Kimathi kumwonyesha mahali pa kuweka msingi, na kwamba sauti aliyoitoa ilisikika mpaka kwa majirani. Kimathi alijenga kando ya makadamia.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi kwa siku moja. Halafu ile picha ikarudi: magoti yangu kwenye tope, na mama yangu mzazi amesimama juu yangu akisema omba msamaha. Anko nilimchukia, lakini chuki ya Anko ilikuwa nyepesi, niliibeba kama daftari. Ile ya Mama ilinilemea. Niliona ni mwoga. Niliona kwamba aliona haya zaidi kwa yai langu kuliko kwa maombi ya kaka yake. Niliacha kumhadithia mambo ya shule. Nilipoingia sekondari nilichagua ya bweni. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilirudi nyumbani mara chache, na kila alipotaja neno heshima nilisikia ubaridi wa tope magotini. Jambo la kunichoma zaidi ni kwamba Anko aliifanya hadithi ile kuwa yake. Alikuwa akiisimulia kanisani akihubiri msamaha: mtoto alinipiga yai nikiomba, nami nikamsamehe palepale. Watu walitikisa vichwa kwa kuguswa. Hakuwahi kusimulia alichokuwa akikiomba. Na Mama alikuwa amekaa pale kwenye benchi, akisikiliza, Jumapili baada ya Jumapili, kimya.

Mama sasa anaishi Nchiru. Alinunua kipande kidogo huko wanafunzi wa chuo kikuu walipoanza kujaa, akawa anauza mayai na maziwa kwa vibanda vyao. Jumamosi iliyofuata baada ya jirani yangu kuanza kubomoa nilikwenda kumwona. Nilimkuta akikatakata nyasi za nepia za mifugo nyuma ya nyumba, panga likipanda na kushuka, mikono ileile yenye makovu meupe ya vioo. Sikuanza na salamu ndefu.

"Mama, kwa nini ulinipigisha magoti?"

Hakuuliza siku gani. Panga lilishuka mara mbili zaidi, kisha likatulia.

"Kulikuwa na geti moja tu, Kendi."

Nikavuta ndoo nikaipindua.

"Angelifunga, ungempitisha wapi mbuzi wako? Mabati ningeyatoa na nini, mabawa? Yeye alikuwa anatafuta sababu tu, na wewe ukampa mkononi. Nilihitaji siku mbili. Nilihitaji aone ametushinda, aende akalale."

"Basi ungepiga magoti wewe."

Aliliweka panga chini. Akafuta majani kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Nilitaka," akasema. "Nilisema moyoni, haya, shuka. Magoti yakakataa. Nakuambia kweli, yalikataa kabisa. Nikaona nikilazimisha nitanyanyuka na kitu mkononi, na yule mtu atakufa mbele yako. Nikakuona wewe, magoti yako ni madogo, yanakunjika. Nikayatumia." Akaangalia kando. "Hiyo sijawahi kumwambia Mungu vizuri. Huwa naizunguka."

Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia mama yangu kwa kukosa hasira. Nilimwona akichambua maharagwe nikadhani ni amani. Kumbe alikuwa nayo nyingi kiasi kwamba mwili wake ulikataa kukunjika, na ilibidi aitafutie kazi ya kufanya ili isimuue mtu. Aliitia kwenye magunia. Mimi niliyekuwa na yai moja nilijiona ndiye mwenye moto pale.

Lakini magoti yalikuwa yangu. Hilo pia ni kweli, naye analijua, ndiyo maana hakuniomba nielewe. Sikumwambia nimemsamehe. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tukazungumza habari za watoto wangu mpaka chai ikaiva, na nilipoondoka alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, nami sikuuvuta.

Watu wa kwetu wananipigia simu wakiniambia Anko Mugambi amezeeka, ananiulizia, na ni vizuri nikamsalimie kabla siku hazijaisha. Wanasema hayo ni mambo ya zamani, na kwamba yeye alikwisha kunisamehe.

Sitaenda.